Stesheni ya Isiolo iwekwe wapi? Tuhesabu watu kabla ya makontena

Reli ya kutoka Lamu hadi Isiolo bado haijajengwa. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu mwezi Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi. Gati la kwanza la bandari ya Lamu likafunguliwa Mei 2021. Katika ramani ya mradi huo Isiolo ndiyo njia panda: reli itokayo Lamu inapita Garissa, na ikifika Isiolo inagawanyika, tawi moja likielekea Moyale na Ethiopia, jingine Turkana na Sudan Kusini, na jingine likishuka Nairobi.

Kwa kuwa reli haijalazwa, swali la stesheni ya abiria lingali wazi. Naliandika sasa kwa sababu stesheni ikishajengwa haihamishwi, na sisi watu wa Pwani tunajua gharama ya stesheni iliyo mbali na watu.

Kipimo cha dakika kumi

Wapangaji wa miji wana kipimo chepesi. Mtu wa kawaida hukubali kutembea kama dakika kumi kufuata treni, yaani takriban mita 800. Chora duara la mita 800 kuzunguka stesheni, utapata eneo la kilomita mraba 2 hivi. Wanaoishi, wanaofanya kazi na wanaosoma ndani ya duara hilo ndio wateja wa kweli wa stesheni. Aliye nje yake atahitaji matatu, tuktuk au bodaboda, na nauli hiyo ya pili humfanya wengi waulize kama basi si afadhali.

Ndiyo maana katika miji yenye treni za chini ya ardhi stesheni hukaribiana pale majumba yalipobanana, na huachana kadiri unavyotoka nje ya mji. Kila kusimama kunakula dakika za abiria waliokwisha panda, kwa hiyo kituo lazima kiwe na watu wa kutosha kustahili dakika hizo.

Wastani hudanganya

Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 5,495 kwa kila kilomita mraba, Lamu 23, na Isiolo 11. Ukitumia wastani huo, duara la Mombasa lina watu kama 11,000, na la Isiolo lina watu 22. Kwa hesabu hiyo Isiolo haistahili hata banda la kusubiria treni.

Lakini hakuna anayeishi ndani ya wastani. Kaunti ya Isiolo ni pana, na sehemu kubwa ni malisho. Watu wa mjini wamekusanyika Bulla Pesa, Wabera, Kambi ya Juu, Kambi Garba na mitaa jirani. Duara likiangukia hapo linajaa. Likisogezwa kilomita chache tu linabaki na miiba na mbuzi. Kwa hiyo zihesabiwe nyumba zilizo ndani ya duara, si watu wa kaunti nzima.

Pia kiangaliwe kinachokula duara. Isiolo imezungukwa na ardhi kubwa ya jeshi, na ina uwanja wa ndege. Wengi wangesema stesheni ijengwe ubavuni mwa uwanja wa ndege, treni na ndege zikutane. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini barabara ya kurukia ndege haina mkaazi, ukuta wa kambi hauna mlango wa abiria, na karibu na uwanja wa ndege urefu wa majengo hudhibitiwa. Nusu ya duara inapotea leo, na hata kesho haitajazwa na ghorofa.

Somo la Miritini

SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, stesheni ya Mombasa iliwekwa Miritini, bara, ng'ambo ya Makupa. Stesheni ya zamani iko kisiwani, na mji ulikua ukiizunguka. Leo mkaazi wa Kibokoni anayesafiri kwenda Nairobi huanza kwa matatu au teksi. Wa Likoni naye hali kadhalika. Kule Nairobi nako treni humshusha Syokimau, si katikati ya jiji, na kutoka hapo hutafuta usafiri mwingine.

Sisemi mizigo haina haki yake. Stesheni ya mizigo inataka uwanja mpana, ardhi ya bei nafuu na njia ya malori. Stesheni ya abiria inataka watu wa kutembea kwa miguu. Makosa huanza pale mahitaji ya kontena yanapoachwa yamchagulie abiria pa kushukia. Isiolo inaweza kuzitenganisha: uwanja wa mizigo na mifugo uwe nje ya mji, na kituo cha abiria kiwe pale ambapo mama wa sokoni anaweza kufika na kikapu chake bila nauli.

Je, reli haileti mji?

Yuko atakayesema tuiweke stesheni nyikani, mji utaifuata. Ni kweli hutokea. Nairobi yenyewe ilikuwa tambarare tupu reli ilipofika mwaka 1899. Viungani mwa London, kampuni ya Metropolitan Railway ilijenga na kuuza nyumba kando ya reli yake, na vitongoji vikamea. Lakini London kampuni ilikuwa na ardhi yake na mpango wake wa nyumba. Stesheni peke yake haijengi mji, huita madalali.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Isiolo ni ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, pamoja na fidia yake ikichukuliwa. Alama ya stesheni ikipigwa kabla ya jamii kusajiliwa, thamani itapanda na mfugaji atabaki mtazamaji. Usajili utangulie, mpango wa mitaa ufuate, kisha stesheni.

Na sisi wa Lamu je?

Swali hilihili lipo upande wetu wa reli. Bandari iko Kililana, na makontena yatataka reli ianzie hapo. Lakini mtu wa Amu huvuka kwa boti hadi Mokowe, na wakaazi wengi wa bara wako Mokowe, Hindi na Mpeketoni. Siku wapimaji watakapoitisha baraza, tusiulize fidia peke yake. Tuwaombe ramani, tuchore duara la mita 800, kisha tuulize: ndani ya hili anaishi nani, kesho ataruhusiwa kujenga nani, na ardhi ni ya nani? Wasipoweza kujibu yote matatu, alama isipigwe.