Utoto wa Panya na Saa ya Mwili

Chini ya milima ya Uluguru, katika mji wa Morogoro, panya ana sifa mbili zipinganazo. Kwa mkulima wa mahindi yeye ni mwizi: panya shamba hufukua mbegu kabla hazijaota, na mvua zikizidi kawaida huzaana wakawa jeshi. Lakini katika mji huo huo panyabuku amekuwa mtumishi wa watu. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, lilihamia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 2000, likawafundisha panyabuku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alitunukiwa nishani ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia.

Mafunzo hayo huanza mapema. Panyabuku huzoeshwa mikono ya watu, sauti na harufu za nje angali mchanga wa wiki chache. Wahenga walikwisha sema: udongo uwahi ungali maji.

Ukweli wa neno hilo katika mwili wa panya ulitafutwa mbali na Uluguru. Mwaka 1936 Hans Selye, huko Montreal, alieleza kwamba panya apatwapo na mashaka ya namna mbalimbali, mwili wake huyajibu kwa njia moja, na tezi zilizo juu ya figo huvimba. Mwaka 1957 Seymour Levine alionyesha kwamba panya walioshikwashikwa kila siku utotoni, walipokuwa wakubwa, tezi zao hazikutaharuki sana kama za wenzao wasioguswa.

Homoni itokayo katika tezi hizo haitiririki sawasawa mchana na usiku. Kwa binadamu hupanda alfajiri, kumtayarisha kwa kazi za mchana. Kwa panya, mnyama wa usiku, hupanda jua lichwapo. Mwaka 1972 Dorothy Krieger, wa New York, aliwadunga vitoto vya panya homoni za jamii hiyo katika siku chache za kwanza za maisha. Walipochunguzwa baadaye, kule kupanda na kushuka kwa kila siku hakukuonekana. Waliodungwa mwishoni mwa wiki ya pili hawakupatwa na hasara hiyo. Basi zilikuwako siku maalumu ambazo saa ya mwili yaweza kuharibiwa, na siku hizo zikipita, mlango hufungwa.

Hapana budi kutahadhari. Panya wa maabara si panyabuku, wala habari ya mmoja si hoja kamili juu ya mwingine. Hata hivyo, panyabuku naye ni mnyama wa usiku, na kazi ya mabomu hufanywa asubuhi mapema kabla ya jua kuwa kali. Mwalimu wake humtaka awe macho saa ambayo porini angekuwa akirudi shimoni. Utii huo umepatikana kwa mikono na subira tangu utotoni.

Jambo hili lawagusa wanadamu pia. Watoto njiti huweza kupewa dawa za jamii ya homoni hizo ili kuyasaidia mapafu yao. Dawa hiyo huokoa maisha. Lakini daktari aitoaye hupima kiasi chake, na hupima pia siku ya kuitoa.