Pete Ndogo Ndani ya Damu

Ukishikwa na homa Malindi au Kilifi leo, swali la kwanza ni, "Ushapima?" Zamani wengi hawakuulizwa. Mwili ukichemka, basi ni malaria: meza klorokwini, nenda ukalale. Mtoto akipata degedege, kuna waliosema ni nyuni, wakampeleka kwa mganga.

Si kwamba vimelea vilikuwa havijulikani. Mwaka 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliviona katika damu ya askari huko Constantine, Aljeria. Mwaka 1904, Gustav Giemsa wa Hamburg alitangaza rangi inayovionyesha vizuri, na mpaka leo chupa ya Giemsa iko kwenye meza za maabara zetu. Kilichokuwa adimu ni jicho lililofunzwa.

Hebu tumtazame mwanafunzi wa maabara. Anachoma kidole, kisha anaweka damu kwenye kioo kwa namna mbili: tone zito la kutafutia vimelea, na utando mwembamba wa kutambua ni vya aina gani. Utando mwembamba unatiwa methanoli. Tone zito linaachwa bila methanoli, ili seli nyekundu zipasuke na vimelea vibaki wazi. Halafu Giemsa, kuosha, kukausha, tone la mafuta, na jicho kwenye hadubini.

Hapo ndipo shughuli inapoanza. Kimelea kichanga cha falsiparamu kinafanana na pete yenye kito. Shida ni kwamba punje ya rangi nayo yaweza kukudanganya. Akiviona, anavihesabu huku akihesabu chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200. Asipoviona, asiandike "hakuna" mpaka akague angalau sehemu 100 za kioo, moja baada ya nyingine. Sasa weka foleni ya akina mama nje na hadubini moja ndani. Kuandika "malaria" ni rahisi kuliko kuandika "hakuna", na hakuna atakayelalamika.

Lakini kuna anayelipa. Mwaka 1989, KEMRI na Wellcome Trust walianza utafiti katika hospitali ya Kilifi, Kevin Marsh akiwa miongoni mwa waanzilishi. Kutoa watu damu kwenye pwani iliyokulia hadithi za mumiani kulizua minong'ono, na ikabidi watafiti wakae na wanakijiji wazungumze. Damu hiyo ilisema mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa takriban robo ya watoto waliofia hospitalini humo walikuwa na bakteria kwenye damu. Mtoto kama huyo, ukimpa dawa ya malaria peke yake, umempotezea muda ambao hana.

Mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Vipimo vya haraka vikaenea, lakini havihesabu vimelea kama hadubini. Wakati huohuo malaria ilikuwa imepungua sana Kilifi. Habari njema, ila ina gharama yake: mpimaji anayekaa muda mrefu bila kuona pete husahau sura yake. Ndiyo maana mafunzo hurudiwa, na vioo vyenye vimelea huhifadhiwa vya kufundishia.

Kwa hiyo siku ukipewa karatasi iliyoandikwa "hakuna", usinung'unike kwamba umepoteza pesa. Muulize daktari: sasa homa hii inatoka wapi?