Nyumba Ilipogeuka Kanisa

Kabla ya kujenga makanisa, Wakristo wa kwanza walikutanika nyumbani mwa watu. Mtume Paulo anaisalimu jumuiya iliyokusanyika kwa Priska na Akwila. Na huko Siria, katika magofu ya mji wa Dura-Europos kando ya mto Efrati, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua mwaka 1932 nyumba ya namna hiyo. Kwa nje ilifanana na nyumba za jirani. Ndani, katika karne ya 3, Wakristo walikuwa wameuondoa ukuta kati ya vyumba viwili ili wakae pamoja. Chumba kingine wakakiwekea birika la ubatizo.

Kwetu Kongo, mwaka 1961 maaskofu walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai. Ndiyo maana siku ya shirika tunasogeza meza katikati, tunatandika kitambaa, tunaweka Biblia na mshumaa, na tunaazima viti kwa jirani. Chumba kile kile tunachokula ndani yake kinakuwa mahali pa sala.

Lakini viti navyo vinahubiri. Mtume Yakobo aliwakemea waliompa tajiri nafasi nzuri na kumwamuru maskini asimame. Nasi tukimpa mheshimiwa kiti laini, na mama mjane kigoda cha mlangoni, tumeujenga upya ukuta ule walioubomoa ndugu zetu wa Dura. Basi zamu ya nyumba yetu ikifika, tupange viti kwa duara, na aliyezoea kukaa mlangoni tumkaribishe wa kwanza.