Ligi ya Poka Mtandaoni: Blaindi Zipande kwa Spidi Gani?

Kwanza tuelewane. Hii si ile poka ya mtaani ya kulishana kadi na kusema "niko kadi". Tunabonga kuhusu Texas Hold'em, ile ya kadi mbili za siri mkononi na tano za kila mtu mezani. Mbogi ikianzisha ligi yake mtandaoni, vita ya kwanza kwa grupu ya WhatsApp huwa ya blaindi.

Blaindi ni chipu za lazima. Wasee wawili walio kushoto kwa dila huziweka kabla ya kuona kadi, mmoja ndogo, mwingine kubwa, na kwa mashindano hupanda kila baada ya muda fulani. Zisipopanda mtakesha, kila mtu akingojea ace mbili. Zikipanda mbio sana, hiyo sasa ni bahati nasibu.

Cheki hesabu. Kuna kanuni ya kukadiria: mashindano huisha blaindi kubwa ikikaribia asilimia 5 ya chipu zote. Mko wasee 20, kila mmoja anaanza na 2,000, jumla 40,000. Basi mtamalizana blaindi kubwa ikiwa kama 2,000. Anza 10/20, kisha 15/30, 20/40, 30/60, 50/100, 75/150, 100/200, 150/300, 200/400, 300/600, 400/800, 600/1,200, halafu 1,000/2,000. Hiyo ni ngazi ya 13. Kila ngazi ikiwa dakika 10, mnaifikia baada ya masaa mawili. Dakika 5, saa moja. Dakika 15, masaa matatu, na kesho ni Jumatatu, job inangoja.

Wale wa polepole hupenda kutaja Main Event ya WSOP kule Las Vegas: chipu 60,000, ngazi ya masaa mawili. Sawa, lakini hiyo huchezwa siku kadhaa, na huko kadi zinagawanywa kwa mkono. Mtandaoni kompyuta inagawa chapchap, so dakika 10 zako zina mikono mob kuliko dakika 10 za mezani.

Wale wa turbo nao wanasahau kitu moja: ligi ni pointi. Ukipewa pointi kulingana na nafasi uliyomaliza, chipu zikiwa chache msee anajificha tu, anafoldi akingoja wengine wadedi. Kuna kipimo kinaitwa M, kimepewa jina la Paul Magriel na kikapata umaarufu kwa vitabu vya Dan Harrington: gawanya chipu zako kwa jumla ya blaindi. Uko na 3,600 kwa 300/600? M yako ni 4, yaani mizunguko minne na umeisha. Chini ya 5, Harrington anasema ni kusukuma zote ama kufoldi. Turbo inaweka meza nzima hapo mapema, na skili inakosa kazi.

Halafu kuna stima. Ikipotea dakika 15, programu inakufoldia na blaindi zinakula. Kwa turbo hizo ni ngazi tatu, maze. Kwa ngazi za dakika 10, ni moja na nusu.

Mimi kura yangu ni dakika 10, na msiruhusu blaindi kuongezeka mara mbili kila ngazi. Ukienda 20, 40, 80 hivyo, ngazi ya nane tayari ni 2,560 na mashindano yamekwisha. Waliochelewa pia wafikiriwe: mkiacha mlango wazi saa nzima, msee anaingia 100/200 akiwa na 2,000, blaindi kubwa 10 pekee. Nusu saa inatosha.

Na mkitaka kubadilisha ratiba, ngojeni msimu uishe. Anayeongoza jedwali alipata pointi zake kwa spidi ya zamani, na atapiga kelele, tena akiwa na haki.