Silabi na mkazo: jinsi ya kuzitambua

Msikilizaji, tamka polepole: Ka-ri-a-ko-o. Ni silabi tano. Jina hili la soko letu la Dar es Salaam limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waswahili walilitamka kwa silabi zao, likawa neno la Kiswahili.

Mkazo, au shadda, ni nguvu zaidi inayotumika kutamka silabi fulani katika neno. Kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Ka-ri-a-KO-o, SO-ko. Neno likirefuka, mkazo unahama: so-KO-ni. Hata m au n yaweza kuwa silabi na kubeba mkazo: M-tu, N-chi.

Maneno machache hayafuati kanuni hii. Ba-ra-BA-ra ni njia wanayopita watu na magari. Ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Kwenye simu yako yanaandikwa vilevile, lakini redioni mkazo ndio unaokuonyesha maana. Mtangazaji akikosea, msikilizaji anapata habari nyingine.

Sasa jaribu na jina la kijiji chako: lina silabi ngapi, na mkazo uko wapi?