Ndugu Wakinyamaza: Mtoto ni wa Nani Unyakyusani?

Baba akifa pale Ipinda au Ngonga, wilayani Kyela, watu hujaa msibani hadi uani. Matanga yakiisha, ukoo unakaa kikao, na swali linakuja: watoto wabaki na nani? Mjomba anatazama chini. Shangazi anachochea moto usiohitaji kuchochewa. Kwa nini? Tusikimbilie kusema ni woga tu, bwana. Kimya hicho kina historia.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusani kati ya 1934 na 1938, walikuta kwamba mrithi wa marehemu alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Hakurithi ng'ombe peke yao. Alirithi wajane na watoto pia, na akawa baba. Mahari ikishatolewa, mtoto ni wa upande wa baba. Wajomba hawakuwa na la kusema. Tena ng'ombe wenyewe walizunguka: mahari ya dada ndiyo iliyomwozea kaka. Sasa wewe unayesubiri ng'ombe, utampinga vipi mwenye zizi?

La pili ni hasira. Iliaminiwa kwamba mzee wa ukoo akinung'unika, mtoto huugua. Aliyemkera mzee kikaoni alihofia kumletea balaa yule yule mtoto anayemtetea. Bora kunyamaza, eti.

Lakini hapa ndipo tunapoikosea mila. Mila hiyo hiyo ilidai kinyongo kitolewe. Ndugu waliogombana walitakiwa kuyasema waziwazi ndipo wapatane, la sivyo tambiko lao halikufaa kitu. Iliyoogopwa hasa ni hasira iliyofichwa moyoni. Anayesema mila inatufunga midomo ameshika nusu yake tu.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilitanguliza ustawi wa mtoto, ikachukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikasisitiza maslahi ya mtoto. Vizuri. Ila kwenye mirathi, mahakama ya mwanzo mara nyingi hutaka muhtasari wa kikao cha ukoo, na muhtasari hauandiki macho yaliyotazama chini. Aliyenyamaza huhesabiwa ameafiki.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Mshindo huo huja miaka mingi baadaye, mtoto akishakuwa mtu mzima, siku anapouliza: kikao kile, ninyi si mlikuwepo?