Kujua Kwamba na Kujua Nini: Historia ya Vigawo vya Namba 2⁶⁷ − 1

Namba 147,573,952,589,676,412,927 inajulikana zaidi kwa kisa chake kuliko kwa sifa zake. Hupatikana kwa kukokotoa 2 kwa kipeo cha 67, kisha kutoa 1. Makala haya yanadai kwamba kisa hicho, japo kinapendeza, kimefunika jambo lenye uzito zaidi: tofauti kati ya kujua kwamba namba ina vigawo na kuvijua vigawo vyenyewe.

Mwaka 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitaja vipeo 11 visivyozidi 257 ambavyo, kwa madai yake, hutoa namba tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kipeo cha 67 kilikuwamo. Uthibitisho hakuutoa, na orodha ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 havikustahili kuwamo, ilhali 61, 89 na 107 viliachwa nje. Hata hivyo ilidumu zaidi ya karne mbili.

Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba namba hiyo si tasa. Njia yake, katika umbo ililopewa baadaye na Derrick Henry Lehmer, huanza na 4: namba huzidishwa kwa yenyewe, hutolewa 2, na jibu hugawanywa kwa namba inayochunguzwa ili kubakiza baki tu. Kwa kipeo cha 67 hatua hiyo hurudiwa mara 65. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Lisipokuwa sifuri, si tasa. Kigawo hakitajwi hata kimoja. Ni sawa na kuthibitisha kwamba wizi umetokea bila kumjua mwizi, na aliyetaka kuhakiki hakuwa na budi kurudia hesabu yote.

Vigawo vilisubiri miaka 27. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia alivitaja: 193,707,721 na 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba alifanya kuzidisha ubaoni bila kutamka neno, akaketi, ukumbi ukashangilia. Tena kwamba kazi hiyo ilikula Jumapili za miaka mitatu. Masimulizi hayo yalienezwa na Eric Temple Bell katika kitabu cha mwaka 1951. Mwaka 1903 Bell alikuwa mwanafunzi Stanford, upande wa pili wa nchi. Ushahidi wake wastahili tahadhari.

Makala ya Cole mwenyewe, yaliyochapishwa mwaka huohuo, hayana ukimya wowote. Yanaeleza mchujo. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 134, na baki 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Hata hivyo, kabla ya kuifikia 193,707,721, namba zaidi ya laki saba hupita katika mchujo huo, na ndiyo maana Cole aliongeza michujo mingine inayotegemea mabaki ya namba za mraba. Kutafuta kulidai ustadi na uvumilivu. Kuhakiki kunamtosha mwanafunzi mwenye karatasi na saa moja.

Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waligeuza tofauti hiyo kuwa kufuli la mawasiliano ya siri: zao la namba tasa mbili kubwa hutangazwa, namba zenyewe hufichwa. Changamoto waliyoitoa, ya tarakimu 129, ilitatuliwa mwaka 1994 kwa kompyuta za watu wapatao 600 waliojitolea. Wanaoandaa kanuni za ulinzi wa data wazingatie kwamba ugumu huo haujawahi kuthibitishwa. Unaaminiwa kwa sababu njia ya haraka haijapatikana kwa kompyuta za kawaida. Kwa kompyuta za kwanta, Peter Shor aliionyesha njia hiyo mwaka huohuo wa 1994, kabla mashine yenye uwezo wa kuitekeleza kwa namba kubwa haijaundwa.